Yule mtendaji aliyefutia vidole vya chipsi kwenye muhtasari wa mama yangu, mnamjua!

Binti wa Kijenge ameandika:

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Sitaji jina, sitaji mtaa, na sina haja, maana kila aliyewahi kutafuta muhuri upande ule wa Arusha anamjua. Yule anayepandisha miwani kwenye kipara. Yule mwenye simu mbili ambazo hapokei mpaka akuone umesimama mbele yake, hapo ndipo anapokea zote mbili. Huyo huyo.

Amefutia vidole kwenye muhtasari wa mama yangu.

Narudia kwa wanaosoma haraka haraka. Saa nne asubuhi, mtumishi wa umma yuko mezani na chipsi mayai, foleni imetoka mlangoni, imezunguka mjakaranda, na wa mwisho nadhani alikuwa ameshakaribia Namanga. Kuna mzee pale alianza kusubiri akiwa na nywele nyeusi. Zamu yetu ikafika. Mama akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili. Bwana akaipokea kwa mkono mmoja, akasoma mstari wa juu, akaigeuza upande wa nyuma ulio mweupe, akaanza kufuta vidole. Kimoja kimoja, bila haraka! Kidole gumba ndicho kilikuwa na tomato nyingi, akakizungusha pale katikati mpaka mafuta yakapenya upande wa pili, kwenye saini ya baba mkubwa.

Kisha akamrudishia mama akamwambia: "Mama, hii karatasi ni chafu. Sisi hatupokei karatasi chafu. Rudi wiki ijayo na nyingine."

Ni chafu! Nani kaichafua?

Kwa wasiojua, ule ni muhtasari wa kikao cha ukoo. Baba yetu amefariki, familia imekaa, imempendekeza mama awe msimamizi wa mirathi, na sasa Mahakama ya Mwanzo inataka muhtasari pamoja na cheti cha kifo. Tulichohitaji kwake ni muhuri wa kuthibitisha kwamba sisi ni wakazi wa pale. Wazee wametoka Machame na Rombo kuja kusaini. Baba mkubwa mkono unamtetemeka, ile saini yake alishikiliwa karatasi na wajukuu, akaandika herufi moja moja, akapumzika, akaendelea. Ndiyo hiyo saini leo ina duara la mafuta, ukiinua karatasi juu unaona mwanga wa dirisha.

Na mama hakusema neno. Alikunja karatasi akaitia kwenye mkoba, akasema asante mwanangu. ASANTE! Mtu amefutia vidole kwenye mirathi ya mumewe na yeye anamshukuru, kwa sababu anajua bila huyo bwana hapati muhuri.

Halafu mkumbuke huu ni mji gani. Hapa hapa ndipo TANU walikaa Januari 1967 wakapitisha Azimio, likatangazwa Februari 5, na ndani yake mkiwa na miiko ya viongozi: hakuna mishahara miwili, hakuna nyumba za kupangisha, hakuna hisa kwenye makampuni. Makumbusho yake yapo pale Kaloleni, watoto wa shule wanapelekwa kuyaona. Ahadi ya mwana TANU ilisema cheo ni dhamana. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo Arusha hii hii, majaji wanatoka bara zima. Sisi tunatafuta muhuri mmoja tunafanywa kitambaa cha mezani.

Sitaki hela yake. Nataka aitwe na bosi wake, mama akiwa amekaa pale pale, aulizwe: ulifutia vidole kwenye nini?

Chalii wa Sanawari:

Dada umeandika mpaka Azimio la Arusha lakini hujasema hizo chipsi ni za banda gani. Saa nne asubuhi zege imeshaiva? Tuelekeze.

Binti wa Kijenge:

Chalii, mama yako akifutiwa vidole utauliza banda?

Chalii wa Sanawari:

Mama yangu angemnyang'anya sahani. Pole lakini, kweli. Ila ungepiga picha, bila picha humu hawaamini mtu.

Ngarenaro Moja:

Namjua huyo! Aliniomba hela ya wino. Nikamwambia muhuri wa serikali una wino wa serikali, akaniambia basi nenda ukagongewe na serikali. Ila wa kwetu hana kipara, anavaa kofia.

Dereva wa Kifodi:

Wa kofia simjui. Wa kipara yupo huku kwetu Moshono na hali chipsi, anakula mahindi ya kuchoma, faili zote zina punje.

Usa River Kwanza:

Nyote mnakosea. Huyo aliyeandikwa hapa ni yule aliyekuwa kwetu akahamishwa. Alikuwa akiondoka saa sita anasema yupo kikaoni wilayani, unamkuta sokoni Tengeru anachagua parachichi. Tulipolalamika sana akahamishiwa mjini. Kwa hiyo poleni, tuliwapa sisi.

Binti wa Kijenge:

Hili la kuhamishwa ndilo linaniumiza. Mtu anaharibu kwenu, adhabu yake anakuja kuharibu kwetu, na mshahara haukatwi hata shilingi. Vidole vinahama naye.

Mwalimu wa Uraia:

Ibara ya 8 ya Katiba iko wazi kabisa. Wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, lengo kuu la Serikali ni ustawi wa wananchi, na Serikali itawajibika kwa wananchi. Nafundisha hii kila mwaka. Huyo mtumishi mwajiri wake ni mama yako.

Ngarenaro Moja:

Mwalimu, ibara haigongi muhuri.

Fundi Seremala:

Mpeleke Sekretarieti ya Maadili! Atangaze mali zake tuone hela ya chipsi kila siku inatoka wapi.

Karani Mstaafu:

Wanangu, hapa mnachanganya mambo, na mkichanganya mtazungushwa mpaka mchoke. Nimekaa halmashauri miaka mingi, nisikilizeni.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inahusu viongozi: mawaziri, wabunge, wakuu wa wilaya, hata diwani wenu. Hao ndio wanaopeleka tamko la mali kwa Kamishna wa Maadili kila mwaka kabla ya Desemba 31 kwisha. Mtendaji wa mtaa hayumo. Yeye ni mtumishi, anabanwa na Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 na kanuni zake za maadili, na mwenye meno juu yake ni mkurugenzi wa halmashauri. Msimchanganye na mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti mlimchagua Novemba 2024, mkimchoka mnamtoa kwa kura. Mtendaji kura zenu hazimgusi, kinachomgusa ni barua kwenye faili lake.

Kwa hiyo binti, hiyo karatasi usiitupe na usiifute. Itoe kopi. Andika barua kwa mkurugenzi: tarehe, saa, alichofanya, alichosema, waliokuwepo. Peleka nakala mbili, moja wagonge "imepokelewa", ubaki nayo. Hiyo ya kubaki nayo ndiyo wanayoiogopa. Malalamiko ya mdomo yanaishia kwenye kikombe cha chai. Na kama aliomba hela, hapo ni TAKUKURU, namba 113, kupiga ni bure.

Binti wa Kijenge:

Asante sana mzee wangu. Shikamoo. Hela hakuomba. Labda angeomba hela nisingeumia hivi. Rushwa ningejua ni njaa yake. Kufuta vidole ni kwamba hakutuona kabisa, mama alikuwa amesimama pale na yeye akaona kitambaa.

Mtumishi Mnyonge:

Mnawasema tu. Mimi ni mtendaji, si huyo wenu. Karatasi nanunua mwenyewe, wino nanunua mwenyewe, usuluhishi wa ndoa mimi, takwimu za kaya mimi, usafi mimi, michango mimi, simu za usiku mimi. Chakula cha asubuhi unakula mezani kwa sababu ukitoka dakika kumi mnapiga simu wilayani kwamba mtendaji mtoro. Ripoti ya Tume ya Warioba ya 1996 ilishatenganisha wala rushwa wadogo ambao kipato hakitoshi na wakubwa wenye tamaa. Nyie kila siku mnapambana na wadogo.

Mama Ntilie wa Kilombero:

Mwanangu, na mimi kipato hakinitoshi, na nashika mafuta kutwa nzima, sijawahi kufutia mikono kwenye karatasi ya mtu. Kitambaa ni shilingi ngapi?

Fundi Seremala:

MAMA APEWE MAUA YAKE.

Mtumishi Mnyonge:

Sijatetea vidole. Vidole ni ushenzi. Nimesema hali ya kazi.

Binti Pasua:

Poleni watu wa Arusha. Huku Moshi hatuna hayo, ofisi zinafagiliwa na watu wanasalimiwa.

Dereva wa Kifodi:

Moshi mnafagia lami, ofisini mnanyanyasika vilevile. Shemeji yangu wa Majengo alisubiri barua ya dhamana mpaka mtuhumiwa akaachiwa mwenyewe.

Binti Pasua:

Shemeji yako alikwenda bila picha za pasipoti, usitupakazie. Mji msafi unaanza kwa watu wake, nyie hapo stendi mnatupa maganda ya miwa huku mnatembea.

Chalii wa Sanawari:

Tumeanza. Moshi mji mmoja una barabara tatu, zote zinaelekea benki.

Binti wa Kijenge:

Jamani tusitoke kwenye mada. Karatasi ya mama! Amefuta vidole, akasema ni chafu! Karani amenipa njia, nani anajua kama nikiandika barua, baba mkubwa atalazimika kusaini upya kabla haijajibiwa? Kumsafirisha tena kutoka Machame ni shida.

Mzazi Mwenye Uchungu:

Dada wewe una karatasi moja. Mimi shule wametuma karatasi ya mchango wa mlinzi, mchango wa uji, mchango wa taaluma, na mtoto asiporudi nao anasimamishwa mstarini. Elimu bila ada tangu 2016, lakini ukifika pale jina la ada limebadilishwa tu. Na mwalimu mkuu ukimuuliza anasema ni makubaliano ya wazazi. Kikao gani? Mimi nilikuwa wapi?

Mwalimu wa Uraia:

Uji hauwezi kutoka mbinguni mzazi mwenzangu. Kwenye kikao mlikuja wachache sana.

Mzazi Mwenye Uchungu:

Taarifa ya kikao mlimpa mtoto wa darasa la pili! Kaitengenezea ndege!

Usa River Kwanza:

Heri yenu mnaolipia uji mnauona. Sisi mita ya maji inazunguka usiku kucha bila tone, bili ikija unadhani tunafua kwa ajili ya kambi ya jeshi. Nikaenda kuuliza, wakaniambia bili haikosei. Huyo naye ni mtumishi wa umma!

Dereva wa Kifodi:

Na kwetu hivyo hivyo! Maji yakirudi mita inapiga kelele kwanza, yanafuata baadaye.

Fundi Seremala:

Kwetu msoma mita hajaonekana tangu mvua za masika, bili inakuja. Anaisomea wapi?

Karani Mstaafu:

Binti, nimeliona swali lako. Muhtasari wa zamani ukiwa unasomeka na saini zote zinaonekana, mpelekee karani wa mahakama aukague kwanza kabla ya kumhangaisha mzee. Doa peke yake halifuti saini.

Fundi Bomba wa Njiro:

Nyie wa mita sikilizeni. Maji yakikatika bomba linajaa hewa, yakirudi ile hewa inasukumwa na kuzungusha mita kabla ya maji. Fungeni koki ya kwenye mita maji yakikatika, mkifungua fungueni polepole. Halafu pigeni picha ya tarakimu asubuhi na jioni, picha ionyeshe na namba ya mita. Ukienda dirishani na picha za mwezi mzima hawakwambii bili haikosei.

Usa River Kwanza:

Fundi, koki yangu imeshika kutu haifungi. Unakuja mpaka Usa au unaishia Njiro?