Tupeane uzoefu: nani mwingine amekesha nyuma ya TV mpya akitafutia homthieta sauti?

Mkaaji_Umoja2 (mwanzilishi)
Wadau, habari za jioni. Jana nimelala kifudifudi nyuma ya TV kuanzia saa mbili usiku mpaka saa sita, tochi ya simu mdomoni, waya shingoni. Nimenunua TV ya inchi 43, nikaileta kwa bodaboda nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Picha sina neno. Lakini sauti! Hizi TV nyembamba spika zake zinaangalia ukuta, mtangazaji anasikika kama amefunikwa blanketi. Mimi nina homthieta yangu ya 2012, spika tano na sabufa, mzigo wa haja. Nikasema hii ni kazi ya dakika tano. Kuna matundu ya AV nyuma, nimechomeka nyekundu na nyeupe kila namna, kimya. Watoto wamelala bila katuni. Mama watoto hasemi kitu, ananiangalia tu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kabla sijaenda Luthuli, kule kwa maduka ya vifaa vya umeme, kupigwa bei, nani amepitia haya na alitokaje?

DereWa58
Hakuna kutoka. Karibu ndani.

MamaPendo_Donholm
Mimi nilisalimu amri. Homthieta ni stendi ya maua sasa hivi.

FundiWaya
Mwanzilishi, hayo matundu ya AV ni mdomo, si mkia. Yanapokea kutoka kwa dikoda ya zamani au DVD, hayatoi kitu. Ungechomeka mpaka Krismasi. TV nyingi za siku hizi sauti inatokea HDMI iliyoandikwa ARC, au tundu la waya wa mwanga, lile lenye taa nyekundu ndani, na ukiwa na bahati kuna tundu dogo la hedifoni. Sasa swali ni homthieta yako ina nini nyuma.

Mkaaji_Umoja2
Ina AUX nyekundu na nyeupe, na HDMI moja tu, imeandikwa OUT. Sasa OUT ni ya kutoa. Mimi nataka kuingiza.

FundiWaya
Hiyo hiyo OUT ndiyo unayotaka. Chomeka hapo, upande wa TV chomeka kwenye ile yenye ARC.

Injinia_Ngara
Fundi usipotoshe watu. OUT ni OUT. Maji hayapandi mlima. Mwanzilishi, chukua waya wa hedifoni upande mmoja na nyekundu-nyeupe upande mwingine, mia mbili tu, weka kwa AUX, maisha yaendelee.

FundiWaya
Injinia, ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kupandisha maji mlima. Picha ya DVD inatoka kwa homthieta kwenda TV, sauti ya TV inarudi kwa waya ule ule. Waya mmoja, barabara mbili. Hiyo njia yako ya hedifoni inafanya kazi, sikatai, lakini anapata sauti ya kushoto na kulia basi. Spika za nyuma amenunua za nini?

Injinia_Ngara
Za kuwekea vitambaa.

Shemeji_Roysambu
Naona mmenifukulia kaburi. Ngoja niseme, maana hii kitu sijawahi kuisimulia hata kwa kaka yangu.

Jumapili ya tarehe 10 Agosti 2025, Harambee Stars na Morocco, mashindano ya CHAN, hapo Kasarani. Tiketi nilikosa. Nikawaambia vijana wa chama, msijali, njooni kwangu, nimefunga saundibaa mpya, mtajua hamjui. Wakaja kumi na moja. Wengine walibeba viti vyao. Shemeji zangu wawili nao wakaja kutoka Thika, wale ambao tangu nioe dada yao hawajawahi kuamini kwamba nina akili.

Saundibaa nilikuwa nimeiunganisha kwa ule waya wa mwanga asubuhi. Uliingia kwa shida, ikabidi niusukume na kidole gumba mpaka kikawa chekundu, nikajiambia vitu vipya hubana. Timu zinaingia uwanjani, nabonyeza rimoti, kimya. Nachomoa, nachomeka. Kimya. Natoa spika za TV, narudisha. Watu wameanza kukohoa. Shemeji mkubwa akauliza kwa upole, upole wa kuua, "Kwani ulisoma hii kitu?"

Nikakimbilia Bluetooth. Sauti ikaja, watu wakapiga makofi. Lakini ilichelewa. Unaona mpira umepigwa, halafu teke linasikika baadaye kama radi. Mtangazaji anataja mchezaji ambaye ameshapoteza mpira. Tukavumilia.

Sasa kumbukeni naishi wapi. Ukifungua dirisha, uwanja unausikia. Dakika ya arobaini na kitu, kwenye TV mpira uko katikati, hakuna la maana, mara Kasarani nzima ikalipuka. Sisi tunatazamana. Watu kumi na tatu na mimi tumekaa tukijua goli limeingia, tunasubiri litufikie. Ndipo tukamwona Ogam akifunga. Hakuna aliyeruka. Utaruka vipi na ulishapewa habari? Halafu sauti ya mtangazaji ikaja ya tatu, "gooooli", kwa watu waliokaa kimya kama matangani. Tukashinda 1–0, tena tukiwa kumi, na nyumba yangu ikakumbukwa kwa hayo.

Jumatatu nikabeba saundibaa mpaka mjini. Fundi akaifungua, akanusa, akasema aisii, ile chipu ya ndani, imeungua. Elfu tatu na mia tano. Nikalipa. Nikarudi nyumbani, kimya. Mtoto wa dada yangu, yuko gredi ya sita, akachomoa waya, akautazama, akauliza, "Anko, hii plastiki si ya kutoa?" Ule waya huja na kifuniko kidogo cha plastiki angavu kwenye ncha. Nilikuwa nimeuchomeka nacho.

DereWa58
"Tunasubiri litufikie" 😂😂😂 mse nimeegesha gari pembeni.

KakaWaRongai
Kifuniko. Hata mimi. Sitaongeza neno.

MamaPendo_Donholm
Na huyo fundi aliyenusa alirudisha pesa?

Shemeji_Roysambu
Alisema ile aisii ilikuwa karibu kuungua.

FundiWaya
Tuseme ukweli, si wote tuko hivyo. Na shemeji, hata bila ya Bluetooth goli lingechelewa. Matangazo yanapita satelaiti, mitambo, dikoda, sekunde zinaliwa njiani. Bluetooth ilikuongezea tu aibu ya mdomo na sauti kuachana. TV nyingi zina mpangilio wa kuchelewesha au kuwahisha sauti, mngeutafuta.

KakaWaRongai
Mwanzilishi, mimi sabufa yangu ni ya kizamani kabisa, AUX tu, na TV haikuwa na tundu la hedifoni. Nikanunua kisanduku kidogo Luthuli, mia saba: kinapokea waya wa mwanga huku, kinatoa nyekundu na nyeupe kule. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kilikuwa kinakwaruza kama redio ya mzee kijijini. Nilikuwa njiani kukirudisha na matusi yangu yote nimeyapanga. Kumbe TV ilikuwa inatoa Dolby, sauti iliyofungashwa kwa spika nyingi, na hicho kisanduku kinaelewa PCM peke yake, ile ya kawaida ya kushoto na kulia. Ingia kwenye sauti, tafuta umbo la sauti ya dijitali, weka PCM. Na kwangu rimoti ya TV haipandishi tena wala kushusha, nakwenda kuzungusha kwa sabufa. Nimepunguza kitambi.

Mrembo_SouthB
Nyote mnaozungumzia Bluetooth, mkome. Nawaambia kama dada yenu.

Mama mkwe alikuja kutoka Murang'a mwezi wa nne, alisema ni siku tatu za kliniki ya macho. Siku ya kumi na nane bado yuko. Sina ubaya naye, lakini nyumba ni ya vyumba viwili na ana maoni kuhusu ugali wangu. Mume wangu akaona amfurahishe, akaunganisha TV na saundibaa kwa Bluetooth ili asikilize ibada vizuri. Mimi niko chumbani, nimejifungia, nafungua ujumbe wa sauti kutoka kwa dada yangu. Nabonyeza. Simu haitoi kitu. Naongeza sauti mpaka mwisho. Bado. Nabonyeza tena kutoka mwanzo.

Sebuleni ibada imekatika. Nasikia sauti ya dada yangu, kubwa, safi, na besi: "EHE, HUYO MAMA ANARUDI LINI KWAO? AU AMESHAANZA KULIPA KODI?"

Simu yangu ilishawahi kuunganishwa na ile saundibaa wakati wa siku ya kuzaliwa ya mtoto. Ikaikumbuka.

DereWa58
WEEEE

MamaPendo_Donholm
Dada. Dada. Ulitoka chumbani?

Mrembo_SouthB
Kwanza nilizima simu. Halafu nikakaa kitandani nikihesabu vigae.

KakaWaRongai
Mama alisema nini???

Shemeji_Roysambu
Mimi nimepona. Kumbe yangu ilikuwa homa ndogo.

Injinia_Ngara
Kitaalamu, ungefuta simu yako kwenye orodha ya vifaa vilivyowahi kuunganishwa.

MamaPendo_Donholm
Injinia tafadhali nyamaza kidogo. Mrembo, mama alisema nini?

Mkaaji_Umoja2 (mwanzilishi)
Jamani. Homthieta yangu.

Jirani_Zimmerman
Nimesoma yote hadi hapa na hakuna hata mmoja aliyetaja jirani. Nyinyi ndio mnanifanya niende kazini macho mekundu. Ukuta wa nyumba za Zimma ni unene wa biskuti. Kuna kanuni za kelele za 2009, na usiku kwa sehemu za makazi kiwango ni desibeli 35. Usiku unaanza saa mbili. Hata kuku anazidi hapo.

DereWa58
Jirani, mimi nafanya kazi kwa matatu ya Buru. Desibeli 35 ni nini, jina la mtu?

Jirani_Zimmerman
Cheka tu. Sabufa si lazima iwe sakafuni imegusa ukuta wa mwenzako. Ivute, iweke kwa kipande cha godoro, mtetemo unapungua na wewe hupotezi kitu. Nimemwambia wa kwangu mara nne.

FundiWaya
Hapo anasema kweli, na hata sauti inakuwa safi zaidi, sabufa ikiwa kwenye kona hunguruma ovyo. Mwanzilishi, umejaribu nilichosema?

Mkaaji_Umoja2 (mwanzilishi)
Nimevuta homthieta kutoka kabatini. Vumbi la miaka. Nimefuta na kitambaa chenye majimaji, Injinia samahani, chini ya OUT kuna maandishi madogo kama mchwa: ARC. Nilikuwa sijawahi kuyaona tangu 2012.

Injinia_Ngara
Piga picha.

Injinia_Ngara
Sawa. Lakini nilichosema kuhusu maji ni kweli.

Mkaaji_Umoja2 (mwanzilishi)
Nimechomeka. Kimya.

FundiWaya
Upande wa TV uko kwa HDMI ya ngapi? Si zote. Ni ile moja tu yenye neno ARC, nyingi huwa ya pili au ya tatu, soma.

Mkaaji_Umoja2 (mwanzilishi)
Ilikuwa ya kwanza. Nimehamisha. Kimya.

FundiWaya
Ingia mipangilio ya TV, washa CEC. Kila kampuni imeipa jina lake: Samsung wanaiita Anynet+, LG ni Simplink, Sony ni Bravia Sync. Bila hiyo TV na homthieta hazisalimiani. Halafu toa sauti kwa spika za TV uipeleke kwa HDMI. Homthieta nayo iambie isikilize TV, isikae inangoja DVD. Ikigoma, chomoa zote mbili ukutani, si kwa rimoti, ukutani, kunywa chai, rudisha.

DereWa58
Au uipige ngumi moja upande wa kulia. Amp ya gari yetu inaelewa hiyo peke yake.

MamaPendo_Donholm
Usipige.

Mkaaji_Umoja2 (mwanzilishi)
INAONGEA. Wadau inaongea! Nimekunywa chai, nimerudisha, mtangazaji amenipigia kelele mgongoni nikaruka. Mama watoto amecheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Ila ni spika mbili za mbele na sabufa. Za nyuma zimelala.

KakaWaRongai
Hiyo ni PCM. Wewe fanya kinyume changu, toa PCM weka Dolby Digital.

FundiWaya
Kaka amesema. Lakini pia angalia unachotazama, habari za saa tatu hazina sauti ya nyuma. Jaribu filamu iliyorekodiwa kwa spika tano. Kwa habari, bonyeza kitufe cha mzunguko (surround) kwa rimoti ya homthieta, itagawa sauti yenyewe.

Mkaaji_Umoja2 (mwanzilishi)
Tumeweka filamu. Mvua imenyesha nyuma ya kochi, mtoto mdogo amekwenda kuangalia dirisha. Fundi, soda yako iko Umoja siku yoyote. Nimeweka sabufa kwa godoro pia, Jirani, usiseme sijali.

Jirani_Zimmerman
Wewe si jirani yangu lakini Mungu akubariki.

MamaPendo_Donholm
Hongera. Kesho natoa maua na mimi nijaribu. Mrembo, tumekungoja. Mama alisema nini?

Mrembo_SouthB
Nilipotoka alikuwa ameketi vile vile, mikono mapajani. Akasema, "Hii redio yenu inasema vizuri sana." Basi. Chakula akala, ugali akausifu. Nikajua sasa nimekwisha.

KakaWaRongai
Na akaondoka lini?

Mrembo_SouthB
Bado yuko. Sasa hivi ananiita nimwongezee sauti.