Mfumo wa kompyuta kwa klabu ya gofu ya wanachama: mmoja wa kila kitu, au kila idara na wake?

karani_wa_klabu
Habari wakuu. Klabu ya wanachama, Kenya, mashimo 18, akaunti kama 600. Baa ina mashine yake, ada za mwaka ziko Excel, nafasi za kuanza mchezo zinagawiwa kwa WhatsApp na daftari la stata (anayeita makundi kuanza mchezo). Kamati imeonyeshwa programu ya simu inayong'aa na inataka kusaini wiki ijayo. Tuwabane wauzaji kwa maswali gani?

Mhasibu_Bara
Programu ya simu iwekeni mwisho kabisa. Klabu inakaa juu ya akaunti ya mwanachama, na hapo ndipo mifumo iliyoundiwa hoteli inapokwama. Mgeni wa hoteli hulipa akaenda zake. Kwenu mtu mmoja hubeba bili ya mke, watoto na wageni wao mwezi mzima. Mwambie muuzaji afungue akaunti 0412 mbele yenu: 0412A mume, 0412B mke, 0412C mtoto asiyeuziwa pombe. Akisema "hilo tutaliongeza baadaye", mshukuruni na kumsindikiza getini.

Malipo ya M-Pesa: Paybill, si Till, kwa kuwa Till haina pa kuandika namba ya akaunti. Namba ya mwanachama ndiyo iwe namba ya akaunti. Uhakiki wa namba hiyo kabla fedha hazijapokelewa haujiwashi wenyewe. Uombeni Safaricom, la sivyo mtu ataandika "ada ya gofu" na fedha zitaingia bila mwenyewe. Msitegemee namba ya simu kumtambua mlipaji, maana taarifa inayoufikia mfumo wenu huja ikiwa imefichwa. Tena msimbo wa muamala usirudiwe kwenye hifadhidata: taarifa ileile ikija mara mbili, iandikwe mara moja.

Kwenye eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa KRA (mamlaka ya mapato), ndiko klabu hujichoma. Chiti ya baa (karatasi ya alichoagiza mwanachama) ikifungwa, ankara ya kodi hutoka papo hapo na VAT yake ya 16%. Mwisho wa mwezi mfumo ukijumlisha chiti zilezile na kutoa ankara nyingine, mmetangaza mauzo mara mbili na kodi mtailipa mara mbili. Karatasi ya mwisho wa mwezi iwe taarifa ya akaunti tu. Chiti iliyokosewa haifutwi, hutolewa krediti noti, yaani hati ya kuitengua. Na PIN ya kodi ya mnunuzi iingizwe kabla ya kufunga chiti, maana tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi kwenye hesabu za kodi. Wanachama wa kampuni watawaandama kwa hilo.

tii_ya_kwanza
Upande wa uwanja, pigeni hesabu kabla ya kununua. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, kundi la watu wanne kila dakika 8, ni makundi 45, yaani wachezaji 180. Kila dakika 10 ni makundi 36, wachezaji 144. Kamati hupenda ile 180, kisha kwenye tii (pa kuanzia kupiga) ya shimo fupi la kwanza makundi matatu yanasubiriana na raundi inachukua zaidi ya saa tano. Huku kwetu giza haliongopi: raundi ikichukua muda wa saa nne na nusu, mtu wa mwisho aanze saa saba na nusu mchana. Mfumo ufunge wenyewe nafasi za baada ya hapo, na usimwachie stata ugomvi huo.

Siku za Jumamosi chagueni mfumo wenye kura badala ya "wa kwanza kupata". Nafasi zikifunguliwa saa mbili kamili usiku, wenye vidole vyepesi huzimaliza kwa dakika chache na wazee hulalamika hadi mkutano mkuu. Na neno "mgeni" lisilo na jina lijifute saa 24 kabla.

Handikapu (mapigo anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake) msimruhusu muuzaji aikokotoe kwa fomyula yake. Indeksi, yaani namba ya uwezo wa mchezaji, itoke kwenye mfumo wa chama cha taifa, wenu usome na kurudisha kadi tu. Jaribio: indeksi 18.4, slopu (kipimo cha ugumu wa uwanja kwa mchezaji wa kawaida) 128, reti ya uwanja (mapigo yanayotarajiwa kwa mchezaji mahiri) 73.6, par (mapigo yaliyopangiwa uwanja) 72. Jibu ni 18.4 × 128 ÷ 113 (slopu ya wastani), ongeza 1.6 (73.6 toa 72), yaani 22.4, kwa hiyo 22. Ukipata 21, wameacha kujumlisha tofauti ya reti na par.

waya_na_mnara
Hakuna aliyetaja kibanda cha vinywaji cha katikati ya raundi. Waya wa mtandao unaishia mita 100, na redio za kurushiana mtandao zinataka kuonana. Mkaratusi mmoja ukishiba majani baada ya mvua, kibanda kinapotea. Vutieni faiba. Waya wa shaba kati ya majengo mawili hubeba radi na kuunguza swichi za pande zote mbili.

Umeme: ruta, swichi na redio kwa pamoja ni kama wati 50. Betri ya lithiamu ya volti 12.8, Ah 100, itavibeba saa 20 na ushei.

Kisha jaribio moja la kaunta: chomoeni waya, uzeni bia tatu kwa chiti tatu, rudisheni waya baada ya dakika kumi. Zihesabuni. Zikiwa mbili au nne, au moja haina namba ya KRA, msisaini.

karani_wa_klabu
Asanteni sana. Muuzaji mmoja anataka alama za vidole getini. Na hamjanijibu, mfumo mmoja au mingi?

Mhasibu_Bara
Vidole ni data nyeti kwa sheria ya 2019, mtajitafutia kazi bure, kadi inatosha. Akaunti, baa na ada ziwe mfumo mmoja. Ratiba ya uwanja inaweza kuwa ya mwingine, mradi isome hali ya akaunti, ili mwenye deni lililopitiliza asipewe nafasi. Mkataba useme mtaweza kuchukua data yenu yote, pamoja na historia ya chiti, kwa CSV (faili la jedwali) siku yoyote bila malipo. Msihamie mwezi wa kutoza ada za mwaka. Hamieni tarehe 1 ya mwezi mwingine, muendeshe daftari na mfumo sambamba hadi taarifa za kwanza zitoke, mlinganishe akaunti 30 moja baada ya nyingine, hasa zile za familia.