Skizofrenia kijijini: sindano inakatika kila msimu wa kilimo, familia ipangeje?

mhudumu_kata

Wadau wa afya, habari za kazi. Nahudumu ngazi ya jamii, mkoa wa Singida. Kuna kaya ya mama mjane na vijana wawili. Mdogo ana miaka 27, ana skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwapo), anachomwa fluphenazine (wengi mnaiita Modecate) mg 25 kila wiki 4, na vidonge vya benzhexol vya kupunguza madhara ya sindano hiyo. Kliniki ni hospitali ya wilaya. Kuanzia Desemba magari hayapiti na mama yuko shambani kutwa, hivyo wanaruka kliniki mbili au tatu. Kijana anakaa vizuri, wanasema kapona. Kufikia Machi anaongea peke yake, anakataa chakula cha mama akidai kina sumu. Kaka mtu ameshachoka, anasema safari hii atamfunga kamba. Wapangeje ili dawa isikatike na mzigo usimwangukie mama peke yake?

muuguzi_akili

Kinachowadanganya ni dawa yenyewe, haitoki mwilini haraka. Ni dawa ya mafuta, inachomwa ndani kabisa ya nyama ya tako na mwili unainyonya kidogo kidogo. Wakiruka ya Desemba, ya Novemba bado inafanya kazi. Januari bado masalia yapo. Mtu analala, anakula, anachunga mbuzi, nani atamwambia mama kwamba hajapona? Ugonjwa unarudi wiki kadhaa au miezi baadaye, na hapo hakuna anayeukumbuka ule mwezi wa kwanza uliorukwa. Wanasema karogwa upya. Waeleze hili sasa hivi akiwa mzima, tena mbele yake. Akishaugua hakuna atakayesikiliza.

Dawa kumfuata huko kijijini inawezekana. Omba daktari wa kliniki aandike barua kwa zahanati yenu: jina la dawa, kipimo, tarehe ya mwisho ya kuchomwa na tarehe nne zijazo. Dozi za msimu zichukuliwe Novemba kabla njia haijakatika, zikae kwa mganga mfawidhi wa zahanati. Zisikae nyumbani. Mchomaji atumie bomba na sindano vikavu kabisa, geji 21 (ndiyo kipimo cha unene wa sindano), kwa sababu unyevu unaifanya dawa iwe na ukungu. Abadilishe tako kila mwezi na asisugue baada ya kuchoma.

Na chunguzeni sababu nyingine ambayo wagonjwa hawaisemi: huenda sindano inamtesa. Siku chache baada ya kuchomwa, hasa kwa kijana wa kiume, shingo inaweza kupinda, macho yakageuka juu, taya ikakaza. Nyumbani wanasema mashetani yamepanda. Ni dawa hiyo, na inatulia kwa sindano ya promethazine, ambayo zahanati nyingi huwa nayo. Gumu zaidi kulitambua ni kutotulia: hawezi kukaa kitako, anakanyagakanyaga, anazunguka uani usiku kucha. Familia inaona kichaa kimezidi, mhudumu naye anaongeza dozi, na mateso yanaongezeka. Muulizeni tu, "Miguu inakusumbua?" Akisema ndiyo, daktari apunguze dozi au ampe propranolol, ila si kwa mwenye pumu.

Homa kali, mwili umekakamaa, jasho jingi, maneno hayaeleweki: hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Msiishie kupima malaria mkarudi nyumbani.

duka_la_dawa

Naongezea kwenye vidonge. Benzhexol anywe asubuhi, ya usiku inasumbua usingizi. Ikizidi, mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu na mtu anachanganyikiwa upya. Mama azihifadhi mwenyewe, kwani vijana mitaani wanazitafuta kama kilevi.

Tafadhali msimfichie dawa kwenye uji. Huyu tayari anaamini chakula kina sumu. Siku akiona unga wa kidonge chini ya kikombe, mmempa ushahidi, na mama hataaminiwa tena hata kwa maji. Apewe kidonge mkononi, anywe na maji, kisha mkae naye mkipiga soga kama dakika kumi. Aliyezoea kukificha chini ya ulimi atachoka kukishikilia.

Akiwahi kubadilishiwa chlorpromazine, dawa nyingine ya ugonjwa huu, asilime jua la mchana bila kofia na mikono mirefu, ngozi inaungua kirahisi. Na asiinuke ghafla, presha hushuka akaanguka.

ustawi_wilaya

Dada, mzigo hauwezi kugawanywa kwa kusema "tusaidiane". Kaa nao, kila kazi ipewe jina la mtu: nani anampeleka zahanati tarehe ya sindano, nani analala naye akianza kukesha, nani anashika hela ya nauli. Kaka apewe ya tarehe, ni rahisi na ina mwisho. Mama apate angalau siku moja kwa juma ambayo si zamu yake, iwe ya kanisani, msikitini au kwenye kikoba. Jirani mmoja anayeheshimiwa na kijana aambiwe wazi hali ilivyo. Kulaumu na kufokeana kila siku kunaweza kurudisha ugonjwa hata kama sindano haikosi, kwa hiyo mama kupumzika ni sehemu ya matibabu ya mtoto.

Kuhusu fedha: matibabu ya magonjwa ya akili yamo kwenye orodha ya msamaha hospitali za serikali. Kinachowaumiza ni nauli, na kununua dawa zikiisha stoo. Pitieni kwa ofisa ustawi. Kama kaya haina uwezo, waulizeni pia kwa mtendaji habari za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Na kwa mganga wa kienyeji sitawaambia msiende, mtaenda tu. Ila sindano isisimame, na mkatae alazimishwe kufunga kula au kunyweshwa dawa zisizojulikana.

mhudumu_kata

Asanteni sana. Na kamba je? Kaka anauliza akichafukwa usiku wafanyeje, polisi wako mbali.

muuguzi_akili

Wasisubiri achafukwe. Akikosa usingizi usiku wa pili mfululizo, asubuhi aende zahanati hata kama tarehe haijafika. Usiku wenyewe, panga, shoka na mchi vitoke ndani, watoto wahamie kwa jirani. Waongee naye watu wawili tu anaowaamini, kwa sauti ya chini, mlango ukiwa wazi, bila mtu kuuziba. Wasimbishie kuhusu sauti anazosikia, wala wasijifanye nao wanazisikia. Mwenyekiti wa kitongoji awe na namba ya gari moja lililokubaliwa mapema na bei yake.

Kamba inakata ngozi, inaziba damu, pepopunda inaingia, na akifunguliwa kitu cha kwanza ni kukimbia porini. Kama ni lazima ashikwe ndani ya gari, ashikwe kwa mikono ya watu, asilazwe kifudifudi, asikaliwe kifuani. Kwenye bodaboda asipandishwe akiwa amechafukwa. Na waende na daftari la kliniki: daktari wa zamu atataka kujua tarehe ya sindano ya mwisho kabla hajachoma haloperidol ya kumtuliza au chochote.