Kujaza mapengo ya kahawa kihambani: vikonyo vya N39 ya mzee au chotara wa Lyamungo?

Kibosho Juu: Wakuu, habari za jioni. Masika inakaribia, nataka kujaza mapengo ya kahawa kihambani, shamba letu la nyumbani. Kuna kahawa za zamani za aina ya N39, na chache kati yake zinazaa sana wala hazishikwi na chulebuni (ugonjwa unaoharibu buni changa) kama wenzake. Mzee anataka tuzidishe hizo hizo kwa vikonyo, vipande vya chipukizi vinavyooteshwa. Shemeji anasema nifuate chotara wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungo. Nichukue ipi?

Mama Uru: Chache ngapi? Umeziangalia misimu mingapi? Ziko wapi shambani? Mbuni ulio karibu na zizi unazaa kwa ajili ya samadi, uhamishe uone. Na hujasema shamba liko juu kiasi gani wala kama maji ya mfereji yanafika.

Mkulima Hai: Chotara, mkuu. N39 ni tamu kikombeni lakini chulebuni na kutu ya majani vinaimaliza, hela yote inaishia kwenye dawa za kopa (shaba).

Tengeru: Chotara sawa, ila angalia anayekuuzia. Mimi niliuziwa miche kando ya barabara, muuzaji akaapa ni chotara halisi. Nikapanda futi tisa kwa tisa, samadi debe zima kila shimo. Ilipokua ndipo nikaona mambo: huu mrefu, ule mfupi, huu majani machanga rangi ya shaba, ule kijani. Baridi ya mwezi wa saba ilipoingia, buni changa kwenye baadhi ya miti zikatoka madoa meusi yaliyodidimia, zikakauka mtini. Bwana shamba alipokuja akasema miche ile ilioteshwa kwa mbegu za chotara, na mbegu zake hazirudishi sifa za mama, kila mche unachukua njia yake. Ndiyo maana chotara anazalishwa kwa vikonyo. Karibu nusu ya shamba niling'oa. Inauma mpaka leo.

Msomi wa Miti: Pole sana Tengeru. Lakini mzee wa mleta mada ana hoja. Nilisoma Hungary, wana cheri chachu ya asili inaitwa Pándy, tunda safi sana ila mti haujichavushi, mavuno ya kubahatisha. Walichambua miti yake, wakachukua iliyo bora na kuizidisha kwa kubebesha, yaani kuunga kikonyo chake kwenye shina la mti mwingine. Denmark walifanya hivyo kwa cheri yao chachu Stevnsbær, wakapata aina za Birgitte na Viki. Na N39 yenyewe si ilichaguliwa hapo hapo Lyamungo?

Mkulima Hai: Cheri za Ulaya hazina chulebuni, mkuu. Tuongee ya Kilimanjaro.

Kibosho Juu: Samahani kwa kuchelewa. Ni mita 1,400 hivi, mfereji tunapata kwa zamu. Mibuni ni minne, mmoja uko jirani na zizi.

Mama Uru: Basi huo wa zizini uache. Hiyo mitatu ifunge utepe, uiangalie msimu wa baridi bila kupiga dawa. Ukikata, chukua machipukizi yaliyosimama wima, usiguse matawi ya pembeni, mche wake utatambaa tu. Pingili moja, ipasue katikati, kila upande ubaki na jani lililopunguzwa nusu, funika na nailoni unyevu usitoke.

Tengeru: Kwa N39 hata mbegu si mbaya, arabika inajichavusha yenyewe.

Shamba Marangu: Kwa nini msiweke parachichi za Hass? Jirani yangu kang'oa kahawa yote.

Mama Uru: Kahawa inakaa chini ya migomba, parachichi likikua linafunika kila kitu. Ndizi mtakula wapi?

Shamba Marangu: Linapogolewa, mama. Njoo uone la kwangu.

Mkulima Hai: Bei ya kilo msimu huu ni ngapi huko Marangu?