Sarafu za mtandaoni zikikamatwa kwa wahalifu: ziuzwe, zitunzwe, au warudishiwe waliotapeliwa?

Mleta mada (Area C, Dodoma)

Habari za jioni wadau. Jana kwenye gari la kutoka Mtumba wafanyakazi wawili walibishana mpaka tunafika mjini: polisi wakikamata Bitcoin, zile sarafu za mtandaoni, za tapeli, zinakwenda wapi? Mmoja akasema zinaingia Hazina, basi, hakuna mjadala. Lile "basi" limenikera, ndiyo maana nimeleta hapa.

Wenzetu yameshawakuta. Januari 2024 jimbo la Saxony, Ujerumani, lilipokea Bitcoin karibu 50,000 katika kesi ya Movie2k, tovuti iliyokuwa ikisambaza filamu za wizi. Kesi haijaisha, wakaziuza zote kati ya Juni 19 na Julai 12 mwaka huohuo, wakapata takriban yuro bilioni 2.64. Sheria yao inataka mali ambayo bei yake inaweza kuporomoka iuzwe mapema na fedha zisubiri hukumu. Desemba, Bitcoin moja ikavuka dola 100,000, watu wakawazomea.

Mimi naona walifanya sawa. Hata hapa kwetu, lori la nyanya likikamatwa mahakama haisubiri ziozee uani. Huamuru ziuzwe, fedha zitunzwe. Msimamo wangu: ziuzwe mapema kwa amri ya mahakama, fedha zikae kwenye akaunti yake peke yake, waliotapeliwa walipwe kwanza, na kitakachobaki ndicho kiende Mfuko Mkuu wa Hazina. Nipingeni kwa hoja.

Mnunuzi wa mahindi (Kibaigwa)

Nakupinga, mkuu. Nyanya zinaoza, Bitcoin haiozi. Huku Kibaigwa mwezi wa sita kila mwenye shida analeta gunia lake sokoni, bei inakuwa ya kutupa. Mwenye ghala anasubiri Januari. Serikali ndiyo mwenye ghala kubwa kuliko wote, kwa nini iuze kama mtu anayedaiwa ada ya shule?

Marekani walishaumia hapo. Juni 2014 walipiga mnada Bitcoin 29,656 za Silk Road, lile soko la dawa za kulevya la mtandaoni lililofungwa Oktoba 2013. Mtu mmoja, Tim Draper, alizichukua zote, wakati huo moja ikiwa kwenye dola 600 na kitu. Piga mwenyewe hesabu ya walichopoteza. Machi 2025 Rais Trump akasaini amri kwamba zilizotaifishwa zisiuzwe tena, ziwekwe kama akiba ya taifa. Na sisi tutunze. Hospitali na barabara zitajengwa kwa faida hiyo.

Mleta mada

Kaka, nakuelewa, na mimi nimelala juu ya magunia nikisubiri bei. Lakini yale yalikuwa mahindi yangu. Yangeshuka, ningekula hasara mimi na wanangu. Hizi ni amana. Novemba 2021 Bitcoin ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17,000. Serikali ingekuwa imezikumbatia kipindi kile, nani angekwenda kumwambia mama aliyetapeliwa kwamba tulikuwa tunasubiri bei ya Januari? Mtu akikuwekea gunia lake huchezi nalo kamari, hata ukiwa na hakika utashinda.

Mwanafunzi wa sheria (Dodoma)

Naomba niingilie, maana mnabishana kuhusu wakati wa kuuza na mmelisahau swali lililo gumu zaidi: deni lihesabiwe kwa nini? Kwa shilingi au kwa sarafu zenyewe?

Sweden waliumbuka. Muuza dawa za kulevya alihukumiwa, na mwendesha mashtaka akadai Bitcoin 36 kwa thamani yake ya kronor wakati ule. Ilipofika zamu ya kuuza, bei ilikuwa imepanda kiasi kwamba kuuza 3 tu kulitosha kufidia kiasi kilichotajwa kwenye hukumu. Zile 33 akarudishiwa mfungwa. Hilo ni kosa la kalamu, si la soko.

Uingereza sasa ndiyo wako kwenye mgogoro mkubwa. Mwaka 2018 polisi wa London walianza kuzifuata mali za Zhimin Qian, na wakaja kushika Bitcoin zipatazo 61,000. Fedha za kuzinunulia zilitoka kwa watu kama 128,000 nchini China aliowatapeli kati ya 2014 na 2017, wengi wao wazee. Novemba 2025 alifungwa miaka 11 na miezi 8. Sasa hizo sarafu zina thamani kubwa mara nyingi kuliko kile wazee wale walichotoa. Je, warudishiwe yuan zao tu na ongezeko libaki Hazina ya London? Au ongezeko ni lao pia, kwa kuwa lilizaliwa na fedha zao?

Mimi nasema ni lao. Ukiiba mbuzi jike na akazaa akiwa zizini kwako, hakuna mzee wa Kigogo atakayehukumu urudishe mama na ubaki na watoto. Kwa hiyo, mleta mada, kuuza mapema nakubali, lakini pasiwepo na kifungu kinachosema mwathirika atalipwa "kiasi alichotoa" pekee.

Mkaguzi mstaafu (Kondoa)

Wanangu, mnagawana nyama kabla hamjamfunga mnyama. Nimefanya ukaguzi miaka 27. Nimeona pikipiki ya kielelezo iliyokaa uani mpaka majani yakapita kwenye spoku, na kwenye daftari bado imeandikwa "hali nzuri". Pikipiki angalau unaiona ikioza.

Sarafu hizi zinafunguliwa kwa maneno ya siri, mara nyingi 12 au 24. Askari akikuta kikaratasi chenye maneno hayo, kukifunga kwenye bahasha na kupiga lakiri hakulindi chochote. Ndugu wa mtuhumiwa aliye na nakala anazihamisha akiwa amekaa kitandani kwake, na bahasha yenu inabaki na lakiri yake nzima. Lazima zihamishwe saa ileile kwenda pochi ya serikali, yaani akaunti ya kuhifadhia sarafu hizo, mbele ya mashahidi, na kumbukumbu ya muamala iandikwe kwenye hati ya ukamataji.

Halafu pochi hiyo nani anaishika? Kwenye upelelezi wa hiyohiyo Silk Road, maofisa wawili wa serikali ya Marekani, Carl Force na Shaun Bridges, waliiba Bitcoin. Bridges alirudia, akachukua 1,600 ambazo tayari zilikuwa mikononi mwa serikali. Kwa hiyo funguo zigawanywe: ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, Mahakama, Benki Kuu, na hakuna hata mmoja anayeweza kufungua peke yake. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali azione kila mwaka. Tumeshaulizana vya kutosha kuhusu fedha ambazo washtakiwa walilipa kwa makubaliano ya kukiri kosa. Tusianze tena na mali isiyoonekana kwa macho.

Hili la kutunza kwa miaka kumi kama anavyotaka bwana wa Kibaigwa, mimi linanitisha kwa sababu hiyo. Bei sijui. Ila kila mwaka unaoongeza, unaongeza watu waliowahi kuishika funguo.

Mnunuzi wa mahindi (Kibaigwa)

Shikamoo mzee. Hilo la funguo umenigusa. Lakini kuna kitu hamjanijibu: Benki Kuu yetu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi haziruhusiwi nchini. Juni 2021 Rais Samia akawaambia wajiandae nazo. Tangu Julai 2024 zinakatwa kodi ya zuio asilimia 3. Sasa serikali ikitaka kuuza, itamuuzia nani, kwa utaratibu gani? Mpaka hilo liandikwe vizuri, kutunza ni salama kuliko kuuza gizani kwa dalali tusiyemjua.

Mama wa sokoni (Majengo)

Nimesoma yote. Mimi ndiye yule mama mnayemtaja.

Tulikuwa 14 kwenye kikoba chetu, wauza mboga, dagaa na mkaa. Kijana mmoja alituonyesha kwenye simu namba zinapanda kila asubuhi, akatuambia tutume kwa namba yake, yeye atatubadilishia iwe dola za mtandaoni. Mara ya kwanza tulitoa na faida tukaipata, ndipo tukaweka yote. Siku moja programu ikagoma kufunguka, na namba yake haipatikani mpaka leo.

Mnabishana ziuzwe lini. Mimi nauliza, siku zikiuzwa mtanijuaje? Nilituma kwa namba ya mtu, siyo kwa Bitcoin. Jina langu halipo popote huko. Nilichonacho ni meseji za muamala kwenye simu ya zamani, kioo kimepasuka, chaji haikai nusu saa. Binti yangu kila siku ananiambia niibadilishe, nami sithubutu. Na daftari, ambalo kila aliyetoa ametia dole gumba au sahihi. Wazee wale wa China angalau wamehesabiwa, mnajua ni 128,000. Sisi nani ametuhesabu?

Mleta mada

Mama, shikamoo, na pole sana. Nimekaa na maneno yako tangu saa kumi. Nilianza na kuuza, kumbe hatua ya kwanza ni kuhesabu watu. Naibadilisha hoja yangu: mara tu mali ya utapeli inapokamatwa, kabla ya mnada wowote, tangazo libandikwe kwenye mbao za kata na lisomwe redioni, lisiishie kwenye gazeti la Serikali, ambalo Majengo hakuna anayelisoma. Watu wapewe muda wa kuandikisha madai. Meseji za muamala na madaftari ya vikoba yapokelewe kama ushahidi. Kampuni za simu zinaweza kuthibitisha nani alimtumia nani. Na lile la mbuzi na watoto wake nimelikubali.

Mnunuzi, kwenye kutunza hatujakubaliana, ila hoja yako ya utaratibu naichukua. Jumamosi saa nne tuko watano pale Nyerere Square, tunaandika barua ya kumpa mbunge. Mwanafunzi wa sheria atashika kalamu. Mzee wa Kondoa, ukiweza kutupigia simu tutaweka sauti ya juu.

Mama wa sokoni (Majengo)

Nitakuja na simu na chaja yake, na daftari. Majina ni yale 14. Wawili wameshafariki, lakini watoto wao wapo, nitakuja nao.