Kwani nikilila nitaongea Kizulu?

Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye maegesho ya lile duka mnalolijua nyote, lenye kiyoyozi cha kuhifadhia maiti, kwa sababu nikifika nyumbani hasira itapoa na sitaki ipoe.

Kwenye rafu ya matunda palikuwa na kibao kinachotangaza kwamba matufaha yale ni ya Njombe, tena yametoka shambani asubuhi. Pembeni, kijana wa duka alikuwa anayatoa kwenye boksi lililoandikwa Afrika Kusini ubavuni, anabandua vibandiko kwa ukucha kimoja kimoja na kuvipachika mgongoni mwa mkono wake. Nilipomuuliza kwa upole yanatoka wapi, alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akasema: "Mama, kwani ukilila utaanza kuongea Kizulu?"

Foleni nzima ilicheka. Kizulu! Mimi, mtu mzima!

Sina ugomvi na wakulima wa kule. Serikali ilipozuia mazao yao kwa siku chache Aprili 2025, kwa sababu na wao walizizuia ndizi zetu, hakuna muuzaji aliyejifanya hajui matufaha yake yanatoka nchi gani. Kudanganya asili ya bidhaa kunakatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo huenda ilitungwa kabla mama yake yule kijana hajazaliwa. TBS wa viwango na FCC, tume ya ushindani, mpo? Mtu ananiuliza habari za Kizulu huku vibandiko vimemjaa mkononi kama tetekuwanga!

Bibi Mdogo: Pole, dada. Ila hujatuambia kama uliyanunua.

Mwenye uzi: Nilinunua mawili. Hilo halihusiani.

Bibi Mdogo: Sawubona.

Fundi Mizani: Mnavililia vibandiko bure. Ile namba ya tarakimu nne, kama 4011 ya ndizi, hutaja aina ya tunda na si nchi, na hata msimbopau unaoanza na 620 unaonyesha tu kwamba namba hiyo ilitolewa Tanzania. Nchi isipoandikwa kwa maneno, hujui kitu.

Mwenye uzi: Iliandikwa kwa maneno, ndiyo maana alikuwa anabandua!

Mkulima wa Makambako: Karibuni kwenye machungu. Parachichi letu limevuka mpaka miaka mingi na kufika Ulaya likiitwa la Kenya, wala hatukuona mtu wa Dar akifungua uzi. Leo jina la Njombe limebandikwa kwenye tunda la wageni ndipo mnakumbuka kwamba Njombe ipo.

Mtoto wa Muheza: Afadhali ninyi jina lenu linaibiwa. Chungwa letu hubaki na ganda la kijani kwa sababu Tanga hakuna baridi ya kulibadilisha rangi, basi mteja analiminya, anauliza kama limeiva, kisha anachukua lile la njano lililokuja kwa meli bila hata kuandikwa nchi lilikotoka.

Mluguru Halisi: Kwa heshima zote, chungwa la Matombo, kwetu Morogoro, halina mpinzani, na yapo maduka yanayoliuza kwa jina la Muheza.

Mtoto wa Muheza: Kafungue uzi wako.