Mtoto wa kenge anaweza kuzoea watu kweli?

MamaNyalenda
Wadau habari zenu, naomba mnisaidie. Kijana wangu wa miaka 10 alikuja na mtoto wa kenge kutoka Dunga, hapa Kisumu kando ya Ziwa Victoria, alikuwa amenaswa kwa nyavu na watu wanataka kumuua, akawaomba wampe. Ni mdogo tu kama rula, mweusi na madoa ya manjano. Leo ni siku ya 11 tuko naye, analala kwa karai kubwa kwa sakafu nimefunika na wavu, namlisha omena na mende. Kinachonishangaza asubuhi ametulia kabisa ata kijana anambeba, lakini ikifika saa saba mchana anakuwa mkali, anapiga mkia, na jana amemuuma kidole damu ikatoka. Nilidhani atazoea pole pole kama paka. Nimfundishe aje?

Daktari_wa_Ngombe
Pole dada. Kwanza hicho kidole, kioshe vizuri na sabuni na maji mengi halafu mpeleke kliniki waangalie kama anahitaji sindano ya pepopunda, usingoje kivimbe. Na mkimshika huyo mnyama mnaoga mikono kila mara, hawa wanabeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, bila kuonekana wagonjwa, kama kuna mtoto chini ya miaka 5 kwa nyumba asimguse kabisa.

Sasa hiyo ya asubuhi. Dada huko sio kuzoea, ni baridi. Kenge hana joto lake mwenyewe, anategemea jua, na usiku kucha amelala kwa sakafu ya simiti, saa moja asubuhi mwili bado haujawaka, hawezi kukimbia wala kupigana ndio unamuona mpole. Mchana amepata joto ndio sasa unamuona vile ako. Yaani huyo wa saa saba ndio kenge mwenyewe. Mimi niko Nakuru na nimeletewa kobe na vinyonga wa kufugwa mara nyingi, mwenye kuleta anasema "ametulia siku hizi", kumbe anakufa. Na omena kavu haimtoshi, huko ziwani anakula konokono, kaa, wadudu, mayai, na anaota jua kutwa. Bila jua na kalsiamu mifupa inalegea.

Jakisumu_254
Lakini si kuna wazungu wanafuga hawa kenge na wanatulia?

Daktari_wa_Ngombe
Wapo, na wengine wamewashinda. Kule Florida, mji wa Cape Coral, kenge wetu hawa wa Afrika walitoroka ama wakaachiliwa na wenyewe, wameonekana huko tangu miaka ya 1990 na wakazaana. Mnyama anaweza kupita mita moja na nusu, utamweka karai gani?

Nyarnyakach
Ongeza hii mama. Huku kenge tunamuita ng'ech kwa Kijaluo. Mimi ni wa Nyakach, kwetu kulikuwa na Omieri, yule chatu aliyeungua moto 1987, kila mtu wa rika langu anamjua. Watu walimheshimu sana, wakisema analeta mvua na mavuno, lakini hakuna mtu alimwingiza kwa nyumba akamfungia. Alikaa kichakani kwake watu wakaenda kumuona huko. Pia kuna sheria ya wanyamapori ya 2013, kufuga mnyama wa porini bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ni makosa, ata kama nia ilikuwa kumuokoa. Wapigie uwaeleze ukweli vile alipatikana, ni vizuri kuliko jirani awapigie.

MamaNyalenda
Asanteni sana jameni, hiyo ya baridi sikuwa nimewaza kabisa, nilikuwa nafurahi ati anatupenda. Tumetoka kliniki, amedungwa sindano. Nimewapigia KWS, wamesema tusimpeleke wenyewe tungoje, watakuja kesho asubuhi. Kijana amelia halafu akaniuliza kama watamrudisha pale pale kwa mafunjo ya Dunga kwa sababu huko ndio kenge anajua. Nimemwambia awaulize mwenyewe wakikuja. Saa hii amehamisha karai hadi pale jua linaingia kwa mlango, nusu jua nusu kivuli, anasema alale na joto leo.